Tangi Lisiloshuka

Mzee Ostby alipostaafu na binamu yangu Darlene Lahti akainunua biashara yake ya gesi, tulijikuta na wateja wengi kuliko vichwa vyetu vilivyoweza kubeba. Kabla ya hapo Gesi ya Lahti ilikuwa kampuni ya familia, ikiuza gesi ya kupashia nyumba joto huku kaskazini mwa Minnesota, na mambo yetu yote tuliyajua kwa moyo. Darlene alijua nani anaishi mwisho wa barabara ipi, nani ana mbwa mkali, nani hapendi lori lifike kabla hajaamka. Mimi, Verna, nilikaa kwenye meza ya simu nikiwapangia madereva safari. Mteja akisahau kutupigia, tulimkumbuka wenyewe.

"Hivi yule bibi wa kule ziwani mbona kimya tangu Krismasi?" Darlene angeuliza, na lori lingekwenda.

Wateja wa Ostby hatukuwajua. Walitapakaa msituni hadi karibu na Kanada, wengine tusingewaona uso hata mara moja kwa mwaka. Ikabidi tufunge kwenye kila tangi kifaa kidogo cha kupima gesi iliyobaki na kutuma taarifa kwenye kompyuta. Kazi ya kufunga tuliimaliza vizuri tu. Swali likabaki: hiyo kompyuta yenyewe ataitunza nani?

Darlene ni mwanamke aliyewahi kubadilisha tairi la lori akiwa na gauni la harusi, harusi yake mwenyewe, lakini kompyuta ikimwuliza nywila hubadilika rangi. Akaikabidhi kazi yote kwa kampuni ya nje, kampuni kubwa yenye wateja nchi nzima, ambayo mafundi wake wengi walikuwa Guadalajara, Mexico.

"Kila mtu na kazi yake," aliniambia. "Siwezi kumlipa mtu akae hapa kutwa anatazama taa zinawaka."

Katika mafundi hao, aliyetupokelea simu mara nyingi alikuwa dada mmoja jina lake Itzel Barragán. Sauti yake ilikuwa na kicheko hata kabla hajacheka. Tulianza na matatizo ya mfumo, tukaishia kujuana. Alinieleza habari za mama yake, Doña Chela, anayegombana na kila muuza matunda sokoni. Mimi nilimweleza habari za baridi.

"Leo huko kwenu kukoje?" angeniuliza.

"Mtu akitema mate yanaganda kabla hayajafika chini."

"Muongo mkubwa wewe!"

"Njoo ushuhudie. Chumba kipo."

"Nije nife? Nani atamlea mama?"

Siku moja akaniuliza, safari hii bila kicheko, inakuwaje gesi ikimwishia mtu katikati ya baridi kama ile. Nikamwambia kama ilivyo. Kwanza nyumba inapoa. Halafu maji yanaganda ndani ya mabomba na kuyapasua. Halafu ni zamu ya aliyemo ndani, hasa akiwa mzee anayeishi peke yake, kwa kuwa wazee wa huku hawapendi kusumbua watu. Watajifunika blanketi na kungoja. Itzel alisema asante kwa kumweleza, tukaendelea na kazi. Mazungumzo yale mimi niliyasahau.

Majira ya baridi ya pili, mambo yakaanza kwenda mrama. Kampuni ile ilibadilisha mfumo bila kutuuliza, ukaanza hata kuwachagulia madereva njia. Asubuhi moja Clayton Beaulieu, dereva wetu wa miaka mingi, Mu-Ojibwe, kabila la wenyeji wa asili wa huku, aliyezaliwa hapa hapa na asiyekosa neno la mzaha, akanipigia akiwa kando ya barabara.

"Verna, hii kompyuta yako inataka nivuke ziwa."

"Ziwa gani?"

"Ziwa zima! Na lori limejaa gesi. Iambie nimesahau nguo za kuogelea."

Tulicheka, lakini siku hiyo nyumba kadhaa zilichelewa kupata gesi. Ukiripoti tatizo ulipewa namba na kuwekwa kwenye foleni. Ukibahatika kumpata Itzel, jambo lilinyooka. Ukimpata mwingine, ilibidi uanze kueleza kwamba ziwa ni maji. Darlene alipandwa na hasira ambazo hata chai haikuzishusha.

"Nikipiga simu naambiwa mimi ni mteja wa thamani," alisema. "Nikitaka kitu kifanyike, thamani imekwisha. Basi! Natafuta mtu wangu, akae hapa, nimwone kwa macho, nimgombeze uso kwa uso."

Akampata Joel Nyberg, mtu wa makamo aliyekuwa akitunza kompyuta za mgodi wa chuma kabla mgodi haujapunguza watu. Joel alifanya jambo moja lililonifurahisha: kabla ya usaili aliomba apande lori na Clayton kwa siku nzima. Waliporudi, Clayton alikuja mezani kwangu akiondoa barafu kwenye ndevu.

"Huyu mchukueni," alinong'ona. "Hakuniuliza habari za mfumo hata kidogo. Aliniuliza kwa nini napita barabara ile ile mara mbili. Mke wangu tu ndiye huniuliza maswali kama hayo."

Darlene akakata shauri. Mkataba wa kampuni ya nje ulikuwa unaisha mwisho wa baridi, na asingeurefusha. Kazi yote ingehamia kwa Joel. Jumatatu angewapigia awaambie. Nilimfikiria Itzel na moyo ukawa mzito kidogo, lakini sikubisha. Ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa nimechoka na foleni.

Ijumaa kabla ya Jumatatu hiyo baridi ilishuka vibaya sana. Usiku wa nyuma ulikuwa na upepo na theluji, na kulipopambazuka upepo ulikoma na mbingu ikatakata, na huku kwetu mbingu ikitakata hivyo majira hayo ujue imekuja kuua. Magari yaligoma kuwaka. Madereva wetu wote walikuwa barabarani, na simu zililia bila kupumzika. Saa nne hivi ya asubuhi nikapokea moja.

"Verna, ni Itzel. Unaweza kunisikiliza kidogo?"

"Mpenzi, leo si siku ya porojo."

"Si porojo. Una mteja anaitwa Eino Saarela?"

Ninaye, nilimwambia. Mzee wa migodini, mjane, alikuwa mteja wa Ostby. Anaishi na mbwa mwisho wa barabara ambako hakuna jirani wa karibu.

"Tangi lake haliteremki," alisema Itzel. "Tangu jana jioni limesimama pale pale. Wenzake wote wa upande ule wanashuka haraka kwa baridi hii. Yeye hata kidogo."

"Kifaa kitakuwa kimeganda. Vingi vinaganda."

"Ndivyo nilivyodhani. Lakini kifaa hicho hutuma pia joto la nje, na joto linabadilika kila saa. Kifaa ni kizima, Verna. Gesi ipo tele. Ila hakuna anayeitumia."

Tangi lenye gesi halikuwahi kututia wasiwasi hata siku moja. Sisi tulizoea kuogopa matangi yanayoshuka. Tangi lililojaa kwenye ukurasa wetu wa kompyuta lilikuwa na rangi ya kijani, na ya kijani hatukuyatazama.

"Usikate simu," nilimwambia. Nikachukua simu nyingine nikampigia Mzee Saarela. Ikalia hadi ikachoka. Nikapiga tena. Nikampigia Clayton kwa redio, naye kwa bahati hakuwa mbali na barabara ile.

"Clayton, acha unachofanya. Nenda kwa Saarela. Hita yake imezima na simu hapokei."

Hakuleta mzaha. Alisema tu, "Naenda."

Darlene alisikia sauti yangu akatoka ofisini kwake. Tulisimama hapo mezani, Itzel akiwa kwenye simu moja, redio kwenye mkono wangu wa pili. Nilimsikia Itzel akipumua. Nilisikia pia nyuma yake mtu akimwuliza jambo kwa Kihispania, naye akimjibu kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake.

Hatimaye redio ikakoroma.

"Nimemwona," alisema Clayton. "Yuko hai. Leteni ambulensi."

Ilikuwa hivi. Theluji ya usiku ule ilikuwa imeziba bomba la kutolea moshi ukutani, na hita ikajizima yenyewe, kama ilivyotengenezwa kufanya moshi ukikosa njia. Mzee aliona nyumba inapoa, akashuka ngazi kwenda kuitazama kwenye chumba cha chini ya nyumba, akateleza na kuvunjika nyonga. Simu ilikuwa juu, jikoni. Alijiburuta hadi kwenye zulia kuukuu, akajifunika nalo, na mbwa wake Musti akamlalia kifuani asiondoke. Clayton alimkuta midomo imekuwa ya buluu na maneno yanatoka kwa shida.

"Anasema nimechelewa," Clayton alituambia kwenye redio. "Anasema kahawa imeganda."

Darlene alikaa chini kwenye kiti changu, akafunika uso kwa mikono. Mimi nikamwambia Itzel, "Umesikia?"

Alikuwa akilia. Halafu akasema, "Nimesikia. Mwambie huyo mzee nikija nitampikia kahawa nyingine."

Alasiri, mzee alipokuwa salama hospitalini, nilimpigia tena nimuulize jambo lililokuwa likinisumbua. Kazi yake kwenye mkataba wetu ilikuwa kurekebisha kilichoharibika tunaporipoti. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba atazame matangi yetu. Sasa alionaje?

"Ni wewe," alisema. "Wewe uliniambia wazee wanajifunika blanketi na kungoja. Unadhani mtu ataambiwa hivyo kisha alale? Tangu siku ile, kukiwa na baridi kali kwenu, nafungua ukurasa wenu asubuhi kabla ya kifungua kinywa. Nawatazama mmoja mmoja. Mwanzoni nilitazama wanaokaribia kuishiwa. Halafu nikajiuliza, na asiyeshuka je?"

"Wakubwa wako wanajua?"

"Wakijua watasema napoteza muda."

Jumatatu ikafika. Darlene hakuwa amelala vizuri, uso wake ulionyesha. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akampigia Itzel na kuweka sauti ya simu juu ili na mimi nisikie.

"Dada, sijui hata nianzie wapi," alisema.

"Basi usianze, bosi. Mzee anaendeleaje?"

"Amewafokea wauguzi. Kwa hiyo anaendelea vizuri." Darlene akavuta pumzi. "Ngoja nikwambie ukweli. Leo nilikuwa niwaambie wakubwa wako kwamba tunaondoka. Nimempata mtu wa kufanya kazi hapa kwetu. Lakini baada ya jambo hili, siendi popote. Nitamwambia huyo bwana asamehe. Nabaki na nyinyi."

Nilitarajia Itzel ashukuru.

"Usifanye hivyo," alisema kwa sauti ya chini.

"Nisifanye nini?"

"Usibaki na sisi kwa sababu yangu. Bosi, mimi niliona kwa sababu nilitazama, na nilitazama kwa sababu ya maneno ya Verna. Kesho wanaweza kunihamishia kwa mteja mwingine, duka la viatu Ohio. Atakuja mwingine, mtu mzuri kabisa, lakini hajawahi kumsikia Mzee Saarela wala baridi yenu. Atangoja muripoti. Na mtaripoti nini? Tangi lilikuwa la kijani!"

Darlene alinitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Mchukue huyo mtu wako," Itzel aliendelea. "Akae karibu na Verna. Asikie simu zikilia. Apande malori. Mambo ya kuwajua watu yanataka mtu aliye hapo. Sisi tubakizieni kuutunza mfumo wenyewe usianguke, na usiku, na sikukuu. Mtu mmoja hawezi yote. Ataugua, atataka kwenda kuvua samaki. Akilala, sisi tuko macho."

"Na wewe?" aliuliza Darlene. "Kwa nini usije wewe? Nakuajiri leo hii."

Kicheko kilimrudia. "Huko kwenye mate ya barafu? Mama yangu atanilaani hadi kaburini. Hapana, bosi. Nyumbani kwangu ni hapa. Ila nimefurahi sana umeniuliza." Kisha akaongeza haraka, "Na tafadhali, haya ya huyo mtu wako usimwambie mtu kwamba nimeyasema mimi."

Darlene alikata simu, akanigeukia.

"Umewahi kumwona mtu anayekukataza usimpe kazi kwa faida yako mwenyewe?" aliniuliza.

Nikamwambia sijawahi.

Basi akafanya hivyo hivyo. Joel aliajiriwa, akawekewa meza pembeni ya yangu. Mkataba wa nje ulipunguzwa kama Itzel alivyoshauri. Ila Darlene alitaka jambo moja zaidi, na hilo liliwapa shida wale wakubwa. Alitaka mkataba utaje kwamba fundi wetu atakuwa Itzel, na asihamishwe bila sisi kujua. Meneja alimweleza kwa adabu nyingi kwamba kampuni haifanyi hivyo.

"Mama, sisi hatuuzi watu. Tunauza huduma."

"Sawa," alisema Darlene. "Huduma ninayonunua mimi inaitwa Itzel."

"Lakini, mama, kwa kweli alikiuka taratibu kwa kukupigieni bila..."

"Nakuomba uimalizie hiyo sentensi taratibu sana, kwa kuwa nina mzee hapa aliye hai kwa sababu ya huko kukiuka."

Meneja hakuimalizia. Baada ya mashauriano walikubali, na tukasikia baadaye kwamba Itzel alipandishwa cheo akapewa kikundi cha mafundi wenzake wa kuwaongoza. Jambo la kwanza alilowafundisha ni kuwauliza wateja wao maswali ambayo hayamo kwenye fomu.

Joel na Itzel walielewana kama watu waliosoma darasa moja. Nilizoea kumsikia Joel akibishana naye kwa simu na kucheka. Kabla theluji haijayeyuka walikuwa wamefanya mfumo utazame wenyewe: kukiwa na baridi na tangi lolote lisishuke, ukurasa unageuka mwekundu na simu yangu inalia. Kwanza ililia ovyo, kwa watu waliokwenda Florida kuota jua, ikabidi Joel akae nami siku nzima nimtajie nani anasafiri na nani hasafiri. Kazi hiyo isingefanyika kutoka mbali. Na kazi ya kulinda mfumo wakati umeme ulipokatika mji mzima siku ya Pasaka, hiyo isingefanyika kutoka karibu, maana sisi sote tulikuwa gizani, na Guadalajara taa zilikuwa zinawaka.

Joel mwenyewe alinishangaza. Nilidhani ataona haya kujua kwamba nafasi yake aliombewa na mtu wa upande wa pili. Maana Darlene hawezi kutunza siri, alimwambia wiki ile ile. Joel alisema, "Mgodini nilifundishwa kila mtu alinde kiti chake. Nashukuru kumjua mtu wa namna nyingine."

Mzee Saarela alirudi nyumbani na fimbo, akamrudisha Musti kutoka kwa Clayton, ambaye kwa siri alitamani mbwa yule abaki. Bomba la moshi tuliliinua juu ukutani, mahali ambapo theluji haifiki. Wakati wa masika mzee alikuja ofisini amevaa suti ya kanisani, akabeba mkate mtamu wa iliki alioupika mwenyewe, akaomba apigiwe "yule binti."

Joel aliifungua kompyuta, na uso wa Itzel ukatokea. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuonana. Mzee aliondoa kofia.

"Mimi si mtu wa maneno," alisema.

"Najua, mzee. Verna ameniambia."

"Nilikuwa nimeshakata tamaa kule chini. Sikudhani yuko mtu anayenitazama. Asante, mwanangu."

"Asante wewe kwa kungoja," alisema Itzel, na wote wawili wakatafuta mahali pengine pa kutazama. Clayton, aliyekuwa mlangoni, alidai kuna kitu kimemwingia jichoni.

Mwezi wa Julai Darlene aliwaleta, Itzel na mama yake pamoja, kwa wiki moja. Julai huku kwetu ni jua na mbu, na Doña Chela aliwapiga mbu wale na kuwatukana kwa Kihispania hadi Clayton akataka afundishwe maneno yale. Siku ya Jumamosi tulikwenda wote kwa Mzee Saarela. Aliwasha sauna, kijumba chake cha kujifukiza mvuke, akachoma samaki wa ziwani. Itzel alizunguka nyuma ya nyumba peke yake. Nilimfuata nikamkuta amesimama mbele ya tangi, ameweka kiganja juu yake.

"Ni dogo," alisema. "Nilidhani ni kubwa zaidi."

Tulipoketi kula, mzee alimwomba Darlene aombe. Darlene haombi mbele za watu, hata kanisani hukaa karibu na mlango. Lakini alisimama. Alimshukuru Mungu kwa Clayton na breki zake. Kwa Joel na maswali yake. Kwangu mimi na mdomo wangu usiofungika. Kwa Itzel alianza, akashindwa, akaanza tena, akashindwa tena. Doña Chela, ambaye hakuelewa neno hata moja, alinyoosha mkono juu ya sahani akaushika wa Darlene.

"Na kwa mbwa," alisema Mzee Saarela.

"Na kwa mbwa," alisema Darlene, na tukasema amina. Samaki walikuwa wamepoa, na tuliwala hivyo hivyo, hadi mifupa.